Mukatanga ni nani? Tuulize picha za salon



Siku hizi kijana akienda kuomba kazi ku mines, mara mingi swali la kwanza haiko: mikono yako inajua nini? Ni hili: unatoka wapi, baba yako ni wa kabila gani? Tangu Katanga iligawanywa provinsi ine mwaka 2015, Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, swali hilo limezidi. Mutu wa Lubumbashi akifika Kolwezi anaitwa mugeni. Hata ndani ya sendika tunalisikia.

Juu ya hiyo leo nataka tuzungumuze juu ya picha. Zile picha bazee wetu walitundika mu salon: Colonie belge, Mamba Muntu, Lumumba, M'siri. Mwaka 2016 kule Bruxelles, ndani ya nyumba ya BOZAR, walifanya maonyesho makubwa ya picha za namna hiyo, jina lake Congo Art Works. Mumoja wa walioyapanga ni Sammy Baloji, mutoto wa Lubumbashi. Picha zilitoka ku musée ya Tervuren. Watu wa Bulaya walikuja kuangalia vitu vilivyokuwa zamani ku ukuta wa nyumba zetu.

Maana zilikuwa zetu kweli. Wachoraji wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walipaka rangi ku kitambaa cha mufuko ya unga, wakapita nyumba kwa nyumba wakiuza. Mununuzi alikuwa mufanyakazi, karani, mwalimu. Waliziita ukumbusho, juu zilikumbusha.

Na zilisema kwa mufano. Angalia Colonie belge: polisi anapiga mufungwa fimbo, muzungu anasimama anaangalia, bendera ya Ubelgiji iko juu. Wakati wa Mobutu, mutu hakuweza kusema shida yake wazi. Alitundika picha ile. Mugeni aliingia, akakaa, akaangalia, akaelewa bila kuambiwa: fimbo haijaisha, imebadilisha mukono tu. Angalia Mamba Muntu, nusu mwanamuke, nusu samaki. Anakupa mali, lakini anakuomba siri, na kisha anaomba mutu wa jamaa yako. Nani anaelewa mufano huo kupita siye tunaoshuka chini ya udongo?

Sasa tumuangalie muchoraji mumoja, Tshibumba Kanda-Matulu. Alizaliwa mwaka 1947 mu muji huu, wakati uliitwa bado Elisabethville. Wazazi wake walitoka Kasai. Mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya inchi yote, picha kama 100, akamueleza kila moja Johannes Fabian, mwalimu wa chuo kikuu, kwa Kiswahili chetu hiki cha Katanga. Ku picha ya kifo cha Lumumba aliweka misalaba tatu kule nyuma, kusudi kila mutu aliyeenda kanisani aelewe. Alichora M'siri wa Bunkeya. Alichora pia mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati watu wa Union Minière walifanya greve juu ya mushahara, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi mu stade. Léonard Mpoyi, aliyesema kwa jina lao, alikufa pale.

Muniambie basi: mutu huyu, mutoto wa watu wa Kasai, aliyetuchungia kumbukumbu ya Katanga, ni mugeni? Na M'siri mwenyewe, mufalme ambaye tunajivunia, alitoka wapi? Alitoka Unyamwezi, kule Tanzania ya leo. Wafanyakazi wa Union Minière nao walitoka fasi zote: Katanga, Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya kaskazini. Watoto wao walikulia kambi moja, wakakula poso moja, wakatoka na luga moja. Risasi za 1941 hazikuuliza kabila.

Najua wengine watasema: wewe mutu wa sendika unasahau wenye udongo. Sisahau. Kuko mugini karibu na mines ambayo ilipoteza mashamba, na vijana wake wanakaa ku mulango ya kampuni bila kazi. Wako na haki ya kuingia, na sendika inapashwa kuwasaidia kuipata. Lakini haki ile inaombwa kwa kampuni na kwa serikali, haiko kwa jirani. Mwaka 1992 na 1993 tulifukuza majirani. Walilala ku gare ya Likasi na ya Kolwezi, pamoja na watoto, wakingojea treni. Siye tuliobaki tulipata nini? Kamoto ilikuwa imebomoka tangu 1990, na hakuna Mukasai aliyeibomoa. Mushahara haukurudi juu walienda.

Kwa hiyo naomba mambo tatu. La kwanza kwa wenye kupanga maonyesho: musituletee picha mu muji katikati tu, fasi mama wa kambi anaogopa kuingia. Muzipeleke Kipushi, Likasi, Kolwezi, mu salle za wafanyakazi, na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. La pili kwa sendika zetu: tulipe wachoraji wa leo watuchoree mambo ya leo, cobalt, mikataba ya sous-traitance, creuseur na mufuko yake ku kichwa. Tukingoja, watoto watapewa historia yetu na watu wengine.

La tatu ni kwa nyumba. Kama picha ya muzee iko bado nyuma ya kabati, musiiuze kwa bei ya sabuni. Muitoe, muifute vumbi, muiweke ku ukuta. Mutoto akiuliza yule anayepigwa fimbo ni wa kabila gani, mumujibu kweli: muchoraji hakuandika kabila. Alichora mufungwa, na kila mutu aliyeingia mu salon alijiona pale.