Mwenye steshenari, usiajiri kwa kasi ya vidole

Wajasiriamali wenzangu, hasa wa steshenari, hii inatuhusu. Tukitafuta kijana wa kukaa kwenye kompyuta, wengi tunamuuliza, "Unataipu haraka?" Mimi naona swali la kwanza liwe, "Unataipu bila kukosea?"

Tupige hesabu. Kwenye kupima kasi, herufi 5 huhesabiwa neno moja, nafasi zikiwemo. Barua ya herufi 2,000, anayetaipu maneno 40 kwa dakika anaimaliza kwa dakika 10. Wa maneno 50 anaimaliza kwa dakika 8. Kakuokolea dakika 2. Sasa jina la mteja limekosewa na karatasi imeshatoka: unafungua faili upya, unarekebisha, unaprinti tena. Wino wako, karatasi yako, na foleni inakuangalia. Zile dakika 2 zimeondoka na faida ya ile barua.

Hapo mteja kagundua. Asipogundua je? Mkataba wa kuuziana kiwanja, 5,000,000 ikisomeka 500,000, watu wanafikishana pabaya. Jina likitofautiana na la kwenye kitambulisho, barua inarudishwa. Na mteja wa namna hiyo mara nyingi haji kulalamika. Anahamia duka la jirani kimyakimya.

Sisemi kasi haina maana. Foleni ikijaa, kasi ni pesa. Ila kasi huja yenyewe vidole vikishazoea kupiga sahihi. Mfundishe kijana wako hivi:

1. Herufi F na J zina vinundu. Vidole vya shahada vikae hapo, macho yabaki kwenye karatasi ya mteja.

2. Afanye mazoezi kwa Kiswahili. Programu nyingi za kujifunzia ni za Kiingereza, lakini Kiswahili kimejaa herufi A, na A ni kazi ya kidole kidogo cha kushoto, ambacho kwa wengi ni dhaifu. Ataipu barua za kuomba kazi, mikataba, mihtasari ya vikoba, yaani kazi zenyewe zinazoingia dukani.

3. Dakika 15 kila asubuhi kabla wateja hawajajaa. Makosa yakizidi, apunguze mwendo.

4. Word ikiwa kwenye Kiingereza inachora mstari mwekundu chini ya karibu kila neno la Kiswahili, kwa hiyo kosa la kweli linajificha humo humo. Majina, tarehe na tarakimu amsomee mteja kwa sauti kabla ya kuprinti.

Siku ya usaili, mpe barua moja yenye majina na hela. Hesabu makosa kwanza, ndipo uangalie saa. Na wewe kijana unayetaka kazi ya ofisi, jipime hivyo hivyo kabla hujapimwa.

Wewe dukani kwako unampimaje? Weka kwenye komenti tujifunze.