Mapishi yafundishwe pamoja na sababu zake

Sarara ya nguruwe katika mchuzi mzito wa malai na haradali ni pishi la Kifaransa ambalo limekwisha kuenea katika vitabu vya upishi vya mataifa mengi. Ni chakula kizuri, wala sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni na agizo moja ambalo aghalabu huandamana nacho: kwamba nyama iondolewe motoni ingali na wekundu kidogo katikati.

Agizo hilo lina asili yake. Sarara ni mnofu mwembamba ulio kando ya uti wa mgongo. Haufanyi kazi nyingi, ndiyo maana ni laini; na kwa kuwa hauna mafuta mengi, hukauka upesi ukizidishiwa moto. Mwaka wa 2011 Idara ya Kilimo ya Marekani iliteremsha kiwango cha joto inachopendekeza kwa vipande vizima vya nyama ya nguruwe kutoka nyuzi 71 za Selsiasi hadi 63, almuradi nyama ipumzishwe dakika tatu kabla ya kuliwa. Lakini kiwango hicho hupimwa kwa kipimajoto kinachodungwa ndani ya nyama. Hakikisiwi kwa macho. Ni jikoni ngapi za shule zetu zilizo na chombo hicho?

Fauka ya hayo, nguruwe wa Ufaransa wengi hufugwa mabandani. Huku kwetu, mathalani Busia, wako wanaoachwa wazurure, na watafiti wamethibitisha kuwapo kwa tegu miongoni mwao. Nguruwe akila kinyesi cha mtu mwenye tegu, vijifuko vya mnyoo huo hujificha katika misuli yake. Nasi tukila nyama isiyoiva, tegu hukua matumboni mwetu. Bibi zetu waliochemsha nyama hiyo hadi ikawa kama ngozi ya kiatu hawakuwa washamba hata kidogo.

Na hapa ndipo mchuzi wa haradali unapotufaa. Kata sarara vipande vya unene wa kidole gumba, uvikaange hadi wekundu uishe kabisa, kisha uviweke kando. Katika sufuria ile ile kaanga kitunguu, utie supu kidogo, halafu malai. Maziwa ya kawaida hayafai, kwani siki iliyomo katika haradali huyakata. Malai hustahimili kwa wingi wa mafuta yake. Haradali hutiwa mwisho, maana ikichemka sana ukali wake hupotea. Nyama ikirudishwa humo kwa dakika mbili tatu, ukavu wake hausikiki sana. Mwanafunzi naye huwa amejifunza kemia bila ya kuambiwa kwamba ni kemia.

Wapo watakaosema kwamba darasa lenye Waislamu si mahali pa nyama hii. Hoja hiyo ni ya kuheshimiwa. Basi na apikwe kuku, mchuzi ni ule ule. Lakini habari ya tegu isiachwe. Wengi hudhani kwamba kifafa kiletwacho na mnyoo huyu humpata mla nguruwe peke yake. La hasha! Vijifuko vinavyoingia ubongoni hutokana na mayai ya tegu, yatokayo katika kinyesi cha binadamu na kufika kinywani kwa mikono michafu, maji au mboga. Mwaka wa 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilieleza habari za wagonjwa wanne wa New York, watu wa jamii ya Wayahudi washika dini wasiogusa nguruwe, waliopatwa na mishtuko ya kifafa kwa sababu hiyo. Waliodhaniwa kuleta mayai hayo ni watumishi wa nyumbani waliotoka nchi za Amerika ya Kilatini ambako tegu ameenea.

Kwa hiyo kipindi cha Sayansi Kimu kingeanzia chooni na penye bomba la maji, ndipo kihamie jikoni. Nami ningependa kuona katika mtihani swali linalouliza kwa nini nyama iive, badala ya kuuliza ikae motoni dakika ngapi.