Mziki wa Ukumbini Usiwaachie Deni Maharusi

Wiki hii naweka pembeni chanjo na uji wa lishe, maana jumbe zimejaa swali moja: "Nesi, harusi mwezi ujao, bajeti ya mziki imetushinda, tufanyeje?" Najua kuna watakaosema nesi na mziki wapi na wapi. Someni mpaka chini, mtaona vinapokutana. Nimegawa vipande sita ili msichoke.

1/6. MSIMAMO WANGU

Nausema mapema: mziki wa ukumbini ulipwe kwa hela iliyopo mkononi. Usilipwe kwa ahadi za kadi, wala kwa mkopo wa simu.

Vikao vya kamati vina ugonjwa mmoja: ahadi zinajumlishwa kama vile ni pesa. Mjomba kaandika laki tatu, shangazi laki mbili, watu wa kazini milioni. Katibu anapiga hesabu, mwenyekiti anasema "basi tuchukue bendi". Siku ya harusi nusu ya ahadi haijaingia, na mwenye vyombo hafungi spika mpaka amaliziwe chake. Nani anakopa usiku huo? Bwana harusi. Kesho yake kamati inavunjwa kwa pilau na soda, deni linabaki kwa watu wawili.

Hapo ndipo nesi anaingia. Wengi wanaofunga ndoa tunawaona kliniki kabla mwaka haujaisha. Hela ya marejesho ndiyo hiyohiyo ya begi la kujifungulia: khanga, pamba, glovu, nguo za mtoto, nauli ya usiku uchungu ukianza. Ndiyo hela ya mayai, dagaa na mboga za kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito ahudhurie kliniki mara ya kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo. Mtu anayeambiwa "subiri kwanza tumalize deni la harusi" anakuja tumbo limeshatangulia mlangoni, na damu iko chini.

2/6. HESABU NYIMBO KABLA YA KUULIZA BEI

Chukueni ratiba mkae nayo, wawili tu, bila kamati. Mziki unahitajika kweli wapi? Wazazi kuingia. Maharusi kuingia. Shampeni. Keki na kulishana. Zawadi za upande wa bibi harusi, zawadi za upande wa bwana harusi. Maharusi kufungua mziki. Ukihesabu ni kama nyimbo kumi tu ambazo zikikosewa watu watazisema. Wakati wa chakula inatakiwa sauti ya chini, watu wasalimiane. Dansi lenyewe ni saa moja, moja na nusu, mwishoni.

Sasa angalia saa. Kadi inasema saa 12 jioni. Wageni wanajaa saa 2 usiku, maharusi wanaingia saa 2 na nusu. Kama umekodi bendi kuanzia saa 12, umelipia kuvichezea viti kwa saa mbili.

Chukua mfano, bei za kwenu mtauliza wenyewe. Tuseme matarumbeta 300,000, bendi 2,000,000, DJ na vyombo vyake 600,000. Jumla 2,900,000. Ukitoa bendi unabaki na 900,000, na ratiba yote hapo juu inaenda vilevile, hakuna kilichopungua hata kimoja.

3/6. NJIA ZENYE NAFUU

Kwanza, uliza ukumbi. Kuna kumbi zina vyombo vyake ndani ya bei, na kuna zinazotoza hela ya ziada ukija na vyombo vya nje. Watu wanakodi mara mbili kwa kutokuuliza.

Pili, chagua siku. Kwaresima na Ramadhani harusi zinakuwa chache. Pasaka na Idi zikipita kila mtu anaoa, na Desemba ndiyo usiseme. Jumamosi ya Desemba hakuna DJ atakayekupunguzia. Alhamisi, Ijumaa au Jumapili ya mwezi uliopoa, mnaongea vizuri.

Tatu, mchukue DJ anayekuja na vyombo vyake, halafu umuone akifanya kazi kwenye sherehe ya mtu mwingine kabla ya kumpa hela. Chipukizi si tatizo. Tatizo ni asiyejua kupunguza sauti pale mzee anaposimama kutoa nasaha.

Nne, kama wageni hawazidi themanini na mko nyumbani au bustanini, kodi vyombo tu: spika mbili, mikisa, maiki mbili, na fundi wa kuvifunga. Kijana mmoja wa familia, asiyekunywa, akae na kompyuta. Nyimbo zote zishushwe mapema na zipangwe kwa ratiba, nakala ya pili iwe kwenye flashi. Msitegemee intaneti, ikikatika bibi harusi amefika mlangoni mtalia.

Tano, tazameni mlivyo navyo. Kwaya ya jumuiya, vijana wa dufu wa madrasa, kina mama wa ngoma ya kwenu. Wazaramo wana mdundiko wa kumsindikiza mwali, na kwa nusu saa unawanyanyua watu kuliko spika. Visiwani Zanzibar kuna kidumbaki: fidla moja, besi ya sanduku, vingoma viwili vidogo, na watu wanacheza mpaka jasho. Kimekuwa kikipigwa harusini na watu ambao taarabu ya kundi kubwa ilikuwa juu ya uwezo wao, na hakuna aliyeona harusi yao pungufu. Na walio karibu na Bagamoyo waulizie vijana waliosomea mziki pale TaSUBa. Wanajua kazi yao na bei zao zinazungumzika.

4/6. NAFUU SIYO DHULUMA

Hapa nitawaudhi wachache. Kuna tabia ya kumwambia mpiga ngoma "si wewe ni mtoto wa mtaani kwetu, utakula tu". Yule naye ana mtoto anayehitaji maziwa. Mkipatana 150,000, mpe 150,000. Akijitolea mwenyewe ndugu yako, mpe nauli na sahani ya chakula, na mtangaze jina lake kwenye maiki watu wamjue.

Mkiandikiana hata kwenye WhatsApp, andikeni haya: anafika saa ngapi, anamaliza saa ngapi, usafiri wa vyombo ni wa nani, umeme ukikatika jenereta na mafuta ni ya nani, DJ akiumwa anakuja nani. Malipo yawe sehemu mbili au tatu, ya mwisho itolewe vyombo vikishafungwa na kujaribiwa. Umpe mtu mmoja asiye bibi harusi hiyo hela aishike. Bibi harusi asitafutwe na fundi mitambo akiwa kwenye shela.

5/6. SAUTI, NA WATOTO MNAOWABEBA

Hili nalisema kama nesi, halina mjadala sana. Mziki mkubwa si mziki mzuri. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 mtu anaweza kuisikiliza hadi saa 40 kwa wiki. Ikifika 100, ni dakika 20 tu kwa wiki nzima. Kwa kumbi na matamasha, mwaka 2022 waliweka kiwango cha juu kisichozidi wastani wa desibeli 100. Sasa hesabu mwenyewe usiku mmoja wa spika nane kwenye ukumbi wa bati.

Mtoto mchanga hawezi kusema masikio yanauma, atalia au atalala kwa uchovu, na nyie mtasema "huyu anapenda mziki". Wa tumboni anaanza kusikia karibu mwezi wa sita wa mimba, na ile besi nzito inapita kwenye tumbo kirahisi kuliko sauti nyembamba. Sisemi mjamzito asiende harusini. Nasema asiketi meza ya mbele ya spika.

Kwa hiyo mwambieni DJ kabla: spika zielekee sehemu ya kuchezea, wazee na wenye watoto wakae nyuma. Kipimo cha bure ni hiki: kama unapiga kelele ili mtu aliye hatua moja toka ulipo akusikie, imezidi. Na habari njema kwa mfuko, spika chache ni bei ndogo.

6/6. KWA WANAOSEMA "NI AIBU"

Nawasikia. "Nesi, harusi ni mara moja." "Mama mkwe atasema nini?" "Harusi ya dada yake kulikuwa na bendi."

Sibezi hayo maneno. Watu wamechanga, wamesafiri toka mbali, wanastahili kufurahi, na mzazi aliyelea miaka 25 ana haki ya kucheza mpaka viatu vivuliwe. Lakini ulizeni wageni wa harusi iliyopita wanakumbuka nini. Watakwambia chakula kilichelewa au hakikuchelewa, baba alivyolia wakati wa nasaha, bibi alivyocheza. Idadi ya spika haikumbukwi na mtu. Kama shangazi anataka bendi kweli, hilo ni jambo zuri, alipie bendi yeye, na ailipe kabla ya siku.

Mama wa maharusi, nyie ndio mnaosikilizwa kwenye vile vikao. Kamati ikitaka kuongeza kitu kwa ahadi, simama wewe useme: "Tulichonacho ni hiki, tutacheza kwa hiki." Binti hawezi kusema, ataonekana anabana. Mkwe hawezi kusema, ataonekana hana uwezo. Wewe unaweza.

Na maharusi, kabla hamjalipa kitu chochote cha ukumbini, tengeni bahasha moja isiyoguswa na kamati: miezi mitatu ya kodi na chakula, na kianzio cha kliniki. Kitakachobaki ndicho bajeti ya sherehe.

Alhamisi narudi na posti ya vyakula vya kuongeza damu, mnaonidai majibu sijawasahau. Mwenye fundi mzuri wa vyombo mtaani kwake, mwambie na mwenzio. Usiku mwema, Nesi wenu.