Karata ya bei mbaya siyo turufu

Wiki hii tunaongelea karata. Mama, usichukue fimbo kwanza! Siongelei zile za kuwekeana hela nyuma ya kilabu cha rubisi. Naongelea karata za kwenye simu, mchezo unaoitwa Hearthstone, wa kampuni ya Blizzard ya Marekani. Ulitoka mwaka 2014, na mwaka 2015 ukaingia kwenye simu za mkononi. Tangu hapo kuna washkaji hata kula wanasahau.

Msomaji mmoja wa Kyerwa kanitumia ujumbe. Anacheza kundi la Mwindaji. Kajikusanyia vumbi 1600, maana humo ndani karata hutengenezwa kwa vumbi, na anataka kutengeneza King Krush, lile dubwana la mijusi wakubwa wa kale. Halafu anaongeza, eti mama yake kauza kahawa na kampa shilingi 50,000 za kuanzia kujifunza ufundi wa pikipiki. Anauliza: je, achomoe kidogo humo anunue pakiti za karata, ili seti yake iwe ya kutisha?

Kijana, kaa chini tuongee.

Kwanza niwaeleze wale wasioujua mchezo. Kwenye albastini unagawiwa karata na unapambana na ulichopata. Ukinyimwa turufu, shauri yako. Hearthstone ni tofauti. Humu unachagua mwenyewe, kabla ya mchezo, karata 30 za kwenda nazo vitani. Kuna makundi 11, na kila kundi lina karata zake ambazo wengine hawaruhusiwi kuzigusa. Kwa kawaida karata moja huwezi kuiweka zaidi ya mara 2, na zile za ngazi ya juu kabisa, Legendary, unaweka 1 tu. Kila mtu anaanza na uhai wa pointi 30. Raundi ya kwanza una nguvu 1 ya kulipia karata, wenyewe wanaiita mana, raundi ya pili 2, hivyo hivyo mpaka 10.

Sasa tupige hesabu za dukani. Kutengeneza karata ya Common ni vumbi 40. Rare ni 100, Epic 400, Legendary 1600. Chukua kalamu: karata 30 za Common mara 40 ni vumbi 1200. Umeona maajabu hayo? Legendary moja inakula vumbi kuliko seti nzima ya karata za kawaida! Ni kama mtu auze shamba lote anunue dirisha la alumini, halafu nyumba ya kulitia hana.

Na usidanganyike kwamba utavunja nyingine ili urudishe. Legendary ukiivunja unapewa vumbi 400 tu. Yaani uvunje 4 ndiyo upate 1. Hata walanguzi wa kahawa wana huruma kuliko hapo.

Haya, tuseme umeitengeneza King Krush yako. Ilipotoka ilikuwa ya mana 9, kwa hiyo huwezi kuicheza mpaka raundi ya 9. Ukianza wewe unapewa karata 3, na kila raundi unaongeza 1. Mpaka raundi ya 9 umeona karata 12 kati ya 30. King Krush ni moja tu humo. Ukiacha zile unazoruhusiwa kubadilisha mwanzoni, nafasi ya kuiona ni mara 4 katika 10. Mara 6 zilizobaki vumbi lako 1600 limelala chini ya rundo, linakoroma. Na ikija mapema, je? Inakaa mkononi kama mgeni asiyejua kulima, wakati wenzie wanapigwa.

Mwindaji hana muda wa kusubiri hivyo. Nguvu yake ya kuzaliwa ni kumlenga mpinzani pointi 2 kwa mana 2, kila raundi akitaka. Kundi hili linashinda kwa kuwahi. Mpinzani akipumua mpaka raundi ya 9, ujue mambo yameshaanza kukuendea kombo.

Kwa hiyo karata kali ya Mwindaji ni ipi? Mimi naipima kwa maswali matatu.

La kwanza: nitaicheza raundi ya ngapi? Mgao ninaoupenda ni huu: karata 6 za mana 1, karata 8 za mana 2, karata 8 za mana 3, karata 6 za mana 4 na 5, na 2 tu za mana 6. Jumla 30. Hapo kila raundi una kitu cha kufanya.

La pili: inasaidiana na nani? Timber Wolf ukimwona peke yake ni mbwa mwitu wa kuchekesha, pigo 1, uhai 1. Lakini wanyama wenzie wote wakiwa mezani anawaongezea pigo 1 kila mmoja. Kill Command ya mana 3 inapiga pointi 3, ila ukiwa na mnyama mezani inapiga 5. Karata hizo mbili zinaishi kama ndizi na maharage.

La tatu: nikiwa nashindwa, bado itanifaa? Chukua Animal Companion, mana 3. Inakuletea mnyama mmoja kati ya watatu kwa bahati: Huffer anayeshambulia papo hapo, Misha dubu anayekukinga, au Leokk anayewatia wenzie nguvu. Yeyote atakayekuja, ana kazi. Au Savannah Highmane, simba wa mana 6. Akifa anaacha fisi wawili, adui anaanza upya. Huyo ni Rare, vumbi 100. Katika hizi zote nne hakuna Legendary hata moja.

Hizo nilizotaja ni za zamani. Kuna uwanja unaoitwa Standard ambako karata zinazoruhusiwa hubadilishwa kila mwaka, na kuna Wild ambako wazee wote wanaruhusiwa. Angalia kwanza unacheza wapi. Ila maswali matatu hayabadiliki.

Kitu kingine: karata siyo mali yako kama mbuzi wa zizini. Mwaka 2014 Mwindaji alikuwa na Starving Buzzard, tai wa mana 2 aliyekuchotea karata kila ulipoingiza mnyama. Watu walilia! Septemba mwaka huohuo wenye mchezo wakampandisha mpaka mana 5, na jeuri yake ikaishia hapo. Wakiipunguza karata hivyo, hukupa muda wa kuivunja kwa vumbi lake lote. Shilingi uliyonunulia pakiti, hiyo imekwenda na maji.

Tukija kwenye pakiti zenyewe, kila moja ina karata 5 na hujui utapata nini. Kitu unacholipia bila kujua unachopata, kwetu kina jina. Ubelgiji nao mwaka 2018 tume yao ya kamari ilisema masanduku ya bahati ya kulipia kwenye michezo kadhaa ya kompyuta ni kamari. Na hapa pakiti za bure zipo: unapewa kazi za kila siku, ukizifanya unapata pointi za kupanda ngazi, ngazi hizo zinakulipa dhahabu, na dhahabu 100 inakununulia pakiti moja. Inachelewa, ndiyo. Hata mgomba hauzai wiki unayoupanda.

Basi, kijana wa Kyerwa, jibu langu ni hili. Vumbi 1600 hilo tengeneza Savannah Highmane 2, ni vumbi 200. Linalobaki 1400 jazia karata za mana 1, 2 na 3 ulizopungukiwa. Shilingi 50,000 ya mama usiiguse hata senti, nenda kajifunze pikipiki. Bodaboda za hapa kwetu na barabara zetu hizi, fundi mzuri hatakosa mteja. Wanyama wa kwenye simu ukiwaacha miezi mitatu utawakuta palepale, lakini darasa likishaanza halikusubiri.

Na nyie mnaonogewa na uwindaji, uishie kwenye simu. Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa ni hifadhi za taifa tangu mwaka 2019. Ukiingia huko na mshale wako, Kill Command itatoka upande wa pili, na utaishia lupango.

Wiki ijayo nina mada ya wale wanaoazima chaja na kurudisha waya mtupu. Mnajijua. Kaeni chonjo!