Ujumbe Uliofika Nyumba ya Msiba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, wasomaji wetu wapenzi, mama zetu na dada zetu.

Juma hili kalamu yetu inaandika jambo lililotutia haya. Tungeweza kulisimulia kana kwamba lilitendwa na watu wengine, lakini sisi tulikuwamo katika kamati iliyolipitisha, na mkono wetu ulikuwa wa kwanza kuinuka.

Chuo kimoja cha watoto kilianza kutuma arafa kwa wazazi pasipo mtu kushika simu. Mwalimu akiandika neno "hayupo" mbele ya jina la mtoto katika jedwali la kompyuta, dakika chache baadaye mzazi hupata ujumbe kwamba mwanawe hakufika chuoni. Mpango ule tuliusifu sana, na tulikuwa na sababu: alikuwapo mtoto aliyeaga nyumbani kila alasiri akenda zake kuogelea, na mamake akaja kujua siku ile ile arafa zilipoanza. Kisha mtoto mwingine akaugua, akalazwa, na Mwenyezi Mungu akamchukua. Tulimswalia na tukamzika. Siku ya tatu, wanawake wakiwa wamekusanyika kusoma hitma, mwalimu aliyeshika zamu alilikuta jina lile bado limo jedwalini, naye hana habari, akaandika "hayupo" kama alivyoelekezwa. Simu ya mama ikalia akiwa juu ya mkeka wa msiba.

Alimpa dada yake amsomee, kisha akamwomba atujibu kwamba hilo yeye analijua. Dada akaandika jibu. Jibu halikwenda popote. Arafa zetu zilikuwa zikitoka kwa jina la chuo, si kwa namba, na jina la namna hiyo hutuma tu, halipokei. Habari ilitufikia jioni kwa njia ya kale: mtu alikuja mlangoni akatwambia.

Wengi wenu mtauliza ni fundi gani aliyekitengeneza chombo hicho. Hakuna fundi. Ni kijana wa mtaani asiyejua kuandika programu, na hiyo ndiyo ajabu ya zama hizi. Ipo mitambo ya intaneti kama Zapier na Make ambayo kazi yake ni kuunganisha vitu viwili visivyojuana. Upande mmoja huwekwa tukio: fomu imejazwa, mstari mpya umeandikwa jedwalini, tarehe fulani imefika. Upande wa pili huwekwa kitendo: tuma arafa, piga simu, peleka barua pepe. Ujumbe wenyewe husafirishwa na kampuni iliyofungamana na mitandao ya simu. Kwetu Kenya mashuhuri ni Africa's Talking, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2010. Marekani wanayo Twilio, ya mwaka 2008. Siku mbili zilimtosha kijana wetu kuyaunda yote hayo. Kamati yetu iliwahi kuchukua muda mrefu zaidi kuamua rangi ya mapazia.

Wala msidhani kuwa chombo hiki ni cha vyuo na ofisi tu. Dada anayepika keki za arusi kwa oda anaweza kuwajulisha wateja siku ya kuchukua. Chama cha akina mama wanaochangishana kinaweza kuwakumbusha zamu bila ya mweka hazina kugombana na mtu. Mzazi aliyejifungua anaweza kuwekewa vikumbusho vya chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha ile ya surua ya miezi 9, kwa kuandika tarehe ya kuzaliwa mara moja tu. Lakini hebu itazameni vyema hiyo "mara moja tu". Mtambo utazihesabu siku zile kwa uaminifu, mtoto awe yuko au hayuko. Yule anayeandika tarehe ndiye apaswaye kukumbuka kuifuta.

Makosa madogo tuliyapata mengi. Tuliagiza kikumbusho cha darsa kitoke saa 2, tukikusudia asubuhi, kama asemavyo kila Mswahili; kijana akaandika 02:00, na akina mama wakaamshwa saa nane za usiku. Baadhi yao walitwambia kwamba angalau walipata kuswali tahajjud. Namba za simu zinazoanza na 07 zilipoteza sifuri yake, kwani jedwali huidhania namba ya simu kuwa hesabu. Ni bora kuziandika kwa +254 na kuliamuru jedwali lizichukue kama maandishi.

Tena kuna suala la salamu. Arafa moja hubeba herufi 160 za Kilatini, ukihesabu na nafasi zake. Ukitia hata herufi moja ya Kiarabu, hushuka hadi 70, na ujumbe uliokuwa mmoja hulipiwa kama miwili au mitatu. Salamu kamili, kama tulivyoiandika juu ya ukurasa huu, huchukua 43 kwa Kilatini. Mweka hazina alipendekeza tuikate, tukakataa. Ndipo mama mmoja akatuuliza kama inamlazimu kuitikia salamu ya mtambo. Suratun-Nisaa, aya ya 86, inatutaka tuyarudishe maamkio kwa mfano wake au kwa yaliyo bora zaidi, nasi tulimjibu kwamba salamu ile iliandikwa na mtu hata kama imesukumwa na mashine, basi na aitikie kwa ulimi wake. Swali hilo lilitujia kabla ya msiba, na jibu letu lilituridhisha. Baada ya msiba halituridhishi tena. Tulikuwa tukiwasalimu watu mia na zaidi bila ya kuwaachia njia ya kuitikia.

Ipo habari ya humu humu nchini ambayo laiti tungeisoma mapema. Mwaka 2007 na 2008 watafiti waliwafuatilia watu 538 walioanza dawa za kupunguza makali ya Ukimwi katika kliniki za Nairobi na Kajiado, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010 katika jarida la tiba la Lancet. Nusu yao walipelekewa arafa moja kila wiki. Haikuwaambia wameze dawa, wala haikutaja maradhi, jambo lililowasitiri wenye kuchangia simu na jamaa zao. Iliwauliza tu: Mambo? Mgonjwa alitakiwa ajibu ndani ya saa 48, ama sawa ama shida. Aliyesema shida alipigiwa na muuguzi, na aliyenyamaza naye alipigiwa. Mwisho wa muda wao, waliodumu na dawa ipasavyo walikuwa 168 kati ya 273 waliopata arafa, na 132 kati ya 265 wasiozipata. Neno moja la mtaani, na nyuma yake muuguzi anayesubiri.

Sisi nyuma ya arafa zetu hatukuweka mtu. Hilo ndilo kosa, wala si la mwalimu wa zamu, ambaye kwa siku kadhaa alikuwa haonekani kwa haya mpaka tulipomfuata nyumbani kwao.

Sasa arafa za chuo hutoka kwa namba inayopokea, na majibu huonekana katika simu ya mwalimu wa kike mmoja ambaye hulipwa kwa kazi hiyo. Ujumbe wa mahudhurio hautoki tena wenyewe. Mtambo humwandalia yeye orodha, huitazama, ndipo akabonyeza. Hupotea dakika kumi. Vikumbusho vya darsa na ada tumeviacha vijiendeshe. Habari ya kifo, ya ugonjwa, na ya mtoto aliyepotelewa na njia, hizo tumeamua asizipeleke ila mtu kwa miguu yake au kwa sauti yake.

Kuhusu sauti, tuseme kidogo. Bibi zetu wengi walisomea herufi za Kiarabu, na macho nayo yamechoka, hivyo arafa kwao ni kazi ya mjukuu. Kwa hao mtambo hupiga simu, hucheza maneno yaliyorekodiwa, na kumwomba anayesikiliza abonyeze 1 akitaka kupigiwa na mtu. Tulijaribu kwanza sauti ya kompyuta inayosoma maandishi, ikayatamka majina ya watoto wetu kama mgeni aliyeshuka bandarini asubuhi ile. Tukamwomba mwalimu yule yule arekodi. Wapo bibi wanaobonyeza 1 kila wiki, hawana shida yoyote, wanataka kumjulia hali.

Na mkiombwa namba za simu na majina ya watoto wenu, popote pale, ulizeni yanakwenda wapi. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka habari za mtoto zisishughulikiwe pasipo idhini ya mzazi au mlezi, nanyi mna haki ya kutaka zisahihishwe au zifutwe. Sisi hatukuwa tumewauliza wazazi; tulichukua namba kutoka daftari la ada. Tumerudi kuwauliza mmoja mmoja, na wachache wamekataa.

Tulikwenda kwa mama yule pamoja na wake zetu kumtaka radhi. Alitusamehe, na akatukaribisha kahawa. Tulipomwambia kwamba tumeliondoa jina la mtoto na tunakusudia kuifuta na namba yake yeye, alituzuia. Anataka aendelee kupata arafa ya darsa ya wanawake ya Alhamisi. Tumemwandika katika jedwali la pili, na mstari wake tumeuandika kwa mkono wetu.