Kupima Upeo wa Macho: Kwa Nini Mara Moja Haitoshi

Yako maradhi yajayo kwa kishindo, hata mtu hana haja ya kuambiwa kwamba yu mgonjwa: homa humlaza, jino humnyima usingizi. Lakini yako na mengine yaingiayo kama mwizi wa usiku, yakachukua kidogo kidogo, na mwenye nyumba asijue ila siku aikutapo ghala tupu. Mwezi huu twataka kusema habari za ugonjwa mmoja wa namna hiyo, nao ni glakoma, ambao watu wengi huuita presha ya macho. Hasa twataka kueleza jinsi matabibu wanavyotambua kama unaendelea au umetulia.

Nyuma ya kila jicho mna mshipa wa fahamu uchukuao habari za mwanga mpaka kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zipatazo milioni moja. Katika glakoma nyuzi hizo hufa kidogo kidogo, na aghalabu sababu yake ni msukumo wa maji ya ndani ya jicho kuwa mkubwa kuliko jicho hilo liwezavyo kustahimili. Walakini kila jicho lina kiasi chake. Wako watu ambao msukumo wao ni wa kawaida, na mshipa waharibika. Wako na wengine ambao msukumo wao ni mkubwa miaka mingi, na mshipa haudhuriki. Kwa hiyo kupima msukumo peke yake hakutoshi. Tena glakoma si kama mtoto wa jicho, ambaye akiondolewa mtu huona tena. Uzi uliokufa haufufuki. Dawa ya matone, mwali wa leza na upasuaji hulinda kilichobaki tu.

Huenda mtu akauliza, Yawezekanaje mtu apungukiwe na kuona asijue? Mwalimu aweza kuwaonyesha wanafunzi wake jambo hili kwa karatasi moja. Na achore msalaba mdogo upande wa kushoto, na doa jeusi upande wa kulia, nafasi ya sentimita 8 kati yao. Kisha mtoto afumbe jicho la kushoto, aukazie macho msalaba kwa jicho la kulia, huku akiisogeza karatasi polepole. Ikifika kama sentimita 30 mbele ya uso, doa litatoweka. Wala hataona shimo mahali pake. Ataona karatasi nyeupe tu. Hapo ndipo mahali pa mshipa wa fahamu, na kila mtu hapaoni tangu kuzaliwa kwake. Lakini ubongo hupaziba, kama fundi hodari atiaye kiraka cha rangi ile ile ya nguo.

Ndivyo ilivyo na glakoma. Kinachopotea huzibwa, na jicho moja hufunika upungufu wa jicho la pili. Tena kwa kuwa katikati ya kuona mara nyingi huachwa mpaka mwisho, mtu aweza kusoma herufi ndogo za ubao wa hospitali, naye amekwisha kupoteza sehemu kubwa ya pembeni. Basi tusiwaulize wazee wetu, “Je, waona vizuri?” tukaridhika na jibu lao.

Ndiyo sababu matabibu hupima upeo wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho hulipata bila kugeuka. Kazi hii si mpya. Albrecht von Graefe wa Berlin aliileta katika utabibu wa macho mwaka 1856, na Jannik Bjerrum wa Copenhagen, mwaka 1889, aliupima upeo akitumia mlango wa chumba chake cha kazi. Siku hizi iko mashine. Mgonjwa huweka kidevu mahali pake, jicho moja hufunikwa, na jingine hutazama taa ndogo iliyo katikati ya bakuli kubwa jeupe. Vimulimuli vya mwanga huonekana huku na huku, vingine vikali, vingine hafifu sana, na kila akionapo kimoja hubonyeza kitufe. Kipimo kimoja kitumiwacho sana huchunguza mahali 54, na mashine hulinganisha majibu na ya watu wenye afya wa umri ule ule. Mgonjwa asifadhaike akipitwa na vingi. Mashine hutafuta kwa makusudi mpaka wa uwezo wake, na hata mwenye macho mazima hupitwa na vingi.

Sasa twafika kwenye neno letu kubwa: kipimo cha siku moja ni shahidi mmoja tu. Mtu aliyechoka, aliyekesha, au asiyekielewa kipimo, majibu yake hubadilika. Wengi hufanya vizuri zaidi mara ya pili kwa sababu wamezoea. Ukope ulioanguka huficha sehemu ya juu, na mtoto wa jicho huzimisha mwanga kila mahali. Katika uchunguzi mkubwa wa Marekani wa watu wenye msukumo mkubwa wa macho, habari zake zilitolewa mwaka 2000, vipimo vilivyoonyesha kasoro kwa mara ya kwanza viliporudiwa, karibu 86 katika kila 100 havikuthibitika. Kama matabibu wangehukumu kwa mara moja, watu wengi wangalitiwa hofu bure.

Na kinyume chake ni kweli pia. Aliyepimwa mara moja akaambiwa hali ni njema hana hakika ya mwaka ujao. Ili kujua kama maji ya kisima yanapungua, hapana budi kuweka alama ukutani, kisha kurudi na kutazama tena. Vipimo viwili vya kwanza ndiyo alama. Vinavyofuata hulinganishwa navyo. Huko Uswidi, katika miji ya Malmö na Helsingborg, wagonjwa 255 waliingizwa katika uchunguzi ulioanza mwaka 1993, na kanuni yao ilikuwa hii: ugonjwa hausemwi kuwa umeendelea mpaka mahali pale pale patatu au zaidi paonekane pamezidi kuharibika katika vipimo vitatu vinavyofuatana. Mwaka 2002 matokeo yalitangazwa. Waliotibiwa mapema, 45 katika kila 100 waliendelea kuharibikiwa. Wasiotibiwa mwanzoni, 62 katika kila 100. Tiba haikuwaponya wote, lakini iliwasaidia wengi, na ni kipimo kilichorudiwa ndicho kilichoonyesha tofauti.

Matabibu wengine wameshauri kupima mara 6 katika miaka miwili ya kwanza, maana wako wagonjwa wanaopoteza upesi, na hao ndio wanaohitaji tiba ya nguvu kabla ya kuchelewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa jicho haujengeki.

Jambo hili si la nchi za mbali tu. Katika vijiji sita vya Kongwa, Tanzania, watu wa miaka 40 na zaidi walipochunguzwa, wapatao 4 katika kila 100 walikuwa na glakoma. Habari hizo zilitolewa mwaka 2000. Tena ugonjwa huu hufuata damu: ndugu wa tumbo moja na watoto wa mgonjwa wamo hatarini kuliko wengine.

Basi yafaa kila nyumba ishike mambo haya. Aliyefika miaka 40, na hasa mwenye mzazi au ndugu mwenye glakoma, aende kwa tabibu wa macho ingawa haoni shida. Pasipo na mashine, tabibu huutazama mshipa wenyewe kwa chombo chake, na hiyo nayo ni faida kubwa. Karatasi za vipimo zisiachwe zikatumiwa kufungia karanga. Ziwekwe pamoja na hati za nyumba, zichukuliwe kila safari, maana bila karatasi ya kwanza, ya pili haina cha kulinganishwa nacho. Na aliyepewa dawa ya matone asiiache kwa kuwa hajisikii nafuu. Kazi ya dawa ile ni kuifanya karatasi ya mwaka ujao ifanane na ya mwaka huu.

Mjukuu amwulize babu yake jioni hii, “Babu, macho yako yalipimwa lini?” Akijibu kwamba amesahau, wapange siku ya kwenda.