Majina Yanapofanana Wodini: Kadari Isifunike Uzembe

Tarehe 1 Novemba 2007, wagonjwa wawili waliingizwa vyumba vya upasuaji katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI). Mmoja alikuwa na tatizo la goti, mwingine la kichwa. Wa goti akafunguliwa kichwa, na wa kichwa akapasuliwa mguu. Majina yao ya kwanza yalikuwa yamefanana. Yule aliyekuwa na tatizo la kichwa alifariki dunia baadaye, na mwenzake akapelekwa India kwa matibabu. Waziri wa Afya wa wakati huo, Profesa David Mwakyusa, aliunda kamati ya kuchunguza, na madaktari wakasimamishwa kazi.

Miaka mingi imepita. Tunalirejea tukio lile kwa sababu ya hilo jina.

Ndugu msomaji, jipe dakika moja uhesabu ni akina Fatuma Juma wangapi unaowajua kuanzia Mbagala hadi Tandika, au ni Mohamed Ally wangapi wanaoswali Ijumaa Manzese na Tandale. Sisi watu wa Pwani tuna majina machache tunayoyapenda, nayo ni majina mema, lakini muuguzi akisimama mlangoni na kuita "Fatuma Juma!" huenda wakainuka wawili. Na wapo wanaoinuka hata wasipoitwa. Bibi aliyefika tangu alfajiri, masikio yamechoka, anaitika "labeka" kwa jina lolote linalokaribiana na lake kwa kuhofia zamu isimpite. Wodi ya watoto ndiyo yenye mtihani zaidi, kwani mgonjwa hawezi kujitaja. Kitandani kuna Hassan na pacha wake Hussein, mama katoka kununua dawa nje, na aliyebaki ni shangazi ambaye naye huwachanganya hata nyumbani.

Kwa hiyo jina peke yake halitoshi kumtambulisha mgonjwa. Linahitaji kuandamana na umri, namba ya faili, na mtaa anaotoka. Na namna ya kuuliza ina uzito wake. Muuguzi akisema, "Wewe ni Fatuma Juma?" mgonjwa mwenye homa atajibu ndiyo. Akisema, "Nitajie majina yako matatu, na unaumwa nini," jibu litatoka kwa mgonjwa mwenyewe, na kosa litaonekana kabla sindano haijaingia.

Wataalamu walikwisha kulipima jambo hili, na sehemu ya kipimo ilifanyika hapa hapa nchini. Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya mambo 19 ya kuhakikiwa kwa sauti kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kukatwa, na kabla ya kutolewa chumba cha upasuaji. Jambo la kwanza kabisa ni kuthibitisha mgonjwa huyu ni nani, anafanyiwa nini, na sehemu gani ya mwili. Orodha ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, ikiwemo London, Amman, na Ifakara yetu ya Morogoro. Matokeo yalitangazwa Januari 2009: vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa yakapungua kutoka asilimia 11 hadi 7. Hakuna mashine mpya iliyonunuliwa kwa ajili ya kumuuliza mtu jina lake.

Sasa tuje kwenye upande unaotugusa sisi kama Waislamu. Msiba ukitokea hospitalini na familia ikanong'ona kuwa palikuwa na uzembe, mara nyingi atatokea mzee mmoja na kusema, "Mwachieni Mungu, siku yake ilikuwa imefika." Maziko ni baada ya Adhuhuri, tanga linaanuliwa, na swali linazikwa pamoja na marehemu. Tunamheshimu mzee huyo, lakini hoja yake ina pengo. Ajali ya daladala nayo ni kadari, na bado dereva mlevi hupelekwa polisi. Kuamini kwamba ajali haitangulii wala haichelewi hakumwondolei mwenye dhamana hesabu yake.

Mafakihi hawakuliacha suala hili hewani. Imepokewa katika Sunan za Abu Dawud, An-Nasai na Ibn Majah kwamba Mtume (s.a.w.) alimbebesha dhamana mtu anayejitia utabibu ilhali hajulikani kuwa na elimu hiyo. Ibnul Qayyim katika Zaadul Maad akawapambanua matabibu. Aliye na ujuzi, akapewa idhini na akafanya kazi kama inavyostahiki, hana dhamana hata mgonjwa akifa. Asiye na ujuzi anabeba dhamana. Na mjuzi ambaye mkono wake umekosea ukadhuru kiungo kizima, huyo pia ana dhamana, ingawa hakukusudia. Kwa mtazamo wetu, kumpasua mgonjwa asiyehusika kunaingia katika fungu hili la mwisho, na pengine ni kuzito zaidi, kwani idhini yenyewe haikuwepo. Ukubwa wa dhamana hiyo katika kila tukio ni kazi ya mahakama na wanazuoni, si ya makala.

Ukweli mwingine usemwe pia. Muuguzi wa zamu ya usiku aliyeachiwa wodi iliyojaa, wengine wakilala wawili kitanda kimoja, hakosei kwa ubaya wa moyo. Kumtukana, au kumvamia kama wanavyofanya baadhi ya vijana wetu, ni dhulma juu ya dhulma. Anayepaswa kuulizwa ni pamoja na aliyepanga zamu ile.

Na kuulizia hakuhitaji kuchelewesha maziko. Hatuzungumzii kupasua maiti. Hilo lina fatwa zake. Faili linabaki hospitalini baada ya mazishi, na familia ina haki ya kuelezwa sababu ya kifo. Pa kuanzia ni kwa mganga mfawidhi, na malalamiko yawe kwa maandishi: tarehe, wodi, namba ya faili, kilichosemwa na nani. Jibu lisiporidhisha, lipo Baraza la Madaktari Tanganyika kwa madaktari, na Baraza la Uuguzi na Ukunga kwa wauguzi. Wengi wetu Temeke na Kinondoni tunawajua vyema mabalozi wa nyumba kumi, lakini mabaraza haya hatujapata kuyasikia hata kwenye hotuba ya Ijumaa.

Anayempeleka mzazi wake hospitali kesho asubuhi aandike karatasi ndogo: majina matatu, umri, mtaa, dawa anazotumia, kiungo kinachouma, kulia au kushoto. Ampe mzazi aishike mkononi, si kwenye mkoba utakaobaki kwa mtu wa nje ya mlango. Na muuguzi akiuliza jina kwa mara ya tatu, asikasirike.